Hapa Hakuna Mtazamaji: Densi ya Waayalandi ya Kila Wiki

Kabla sijawaeleza habari za densi ya Waayalandi, niruhusuni niungame jambo moja. Mimi ni mmoja wa wale wanaoitwa "miguu ya mbao". Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilijitosa katika kikundi cha ngoma cha shule. Siku ya tatu nikaambiwa kwa upole, "Wewe kaa kando kwanza, uwatazame wenzako." Nikakaa kando. Niliwatazama mwaka mzima. Wakaenda kwenye mashindano, wakarudi na kikombe, nami nikawapigia makofi mpaka viganja vikawasha. Tangu hapo niliamini kwamba duniani kuna watu wa kucheza na watu wa kutazama, na kwamba Mungu aliniumba mtazamaji.

Imani hiyo ilivunjwa Ijumaa moja ya muhula wa pili na mtawa ambaye umri wake unakaribia miaka themanini. Mlezi wa chama chetu alikuwa amemwalika aje atuzungumzie. Sista huyo ni mzaliwa wa Clare, magharibi mwa Ayalandi, naye amefundisha katika shule za Kenya tangu ujana wake. Kiswahili chake kinatiririka kama maji ya mto, hata methali anatushinda. Sisi tulidhani anakuja kutuhubiria. Kumbe! Alitoa spika ndogo mkobani, akaamuru meza za bwalo zisogezwe ukutani, kisha akasema, "Haya, wanangu, simameni wote. Hapa hakuna mtazamaji."

Nilijaribu kujificha nyuma ya nguzo lakini jicho lake lilikuwa limeniona.

"Sista, mimi siwezi. Nina miguu ya mbao."

"Vizuri sana," akanijibu. "Kwetu sakafu ya kuchezea pia ni ya mbao. Mtaelewana tu."

Haya nitakayoyaeleza nimeyapata kwake na kwa kusoma. Nayaandika kwa sababu nadhani yanatuhusu sisi wana Chama cha Kiswahili kuliko tunavyofikiri.

SI ILE YA JUKWAANI

Wengi wetu tukisikia densi ya Waayalandi tunakumbuka ile ya kwenye runinga: safu ndefu ya vijana, mikono imebanwa mbavuni, miguu ikichapa sakafu kama mvua ya mawe juu ya mabati. Hiyo ilijulikana duniani tarehe 30 Aprili 1994, wakati wa mashindano ya nyimbo ya Eurovision mjini Dublin. Waliohudhuria walionyeshwa onyesho la dakika saba hivi lililoitwa Riverdance, wakasimama kwa shangwe. Mwaka uliofuata, 1995, likawa onyesho kamili la jukwaani.

Wachezaji wa namna hiyo hufunzwa tangu utotoni na hushindania vikombe. Ni densi nzuri, lakini si yangu wala si yako, maana sisi tumechelewa. Ninayotaka kuieleza hapa ni densi ya majirani. Huchezwa kila wiki katika kumbi za parokia, shuleni, au chumba cha nyuma cha baa, na anayeijua pamoja na asiyeijua huingia kwa mlango mmoja. Tofauti ya densi hizi mbili ni kama tofauti ya ngoma ya mashindano na ngoma ya arusini. Ile ya kwanza ina majaji. Ile ya pili ina shangazi anayekuvuta mkono uingie uwanjani utake usitake.

CHAMA CHA LUGHA KILICHOPIGA DENSI

Densi za jioni kama hizo huitwa céilí, na hutamkwa "keili". Neno hili ni la Kiayalandi, na maana yake ya asili haihusu densi hata kidogo. Maana yake ni kumtembelea jirani jioni, mkakaa mkapiga soga, mkatoleana hadithi, pengine mtu akapuliza filimbi. Sasa neno la soga liligeukaje kuwa neno la densi? Hapa ndipo hadithi inapotuhusu.

Kati ya mwaka 1845 na 1852 Ayalandi ilipatwa na njaa kuu baada ya ugonjwa kuangamiza viazi, chakula cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Sehemu zilizoumia zaidi zilikuwa za magharibi, ambako watu walizungumza Kiayalandi. Fauka ya hayo, katika shule nyingi mtoto alivishwa kijiti shingoni, na kila alipoteleza akasema neno la lugha ya nyumbani kijiti kilikatwa alama. Jioni alama zilihesabiwa, na fimbo zikatolewa kwa hesabu hiyo hiyo. Sista aliposimulia hayo bwalo zima lilinyamaza, kisha likacheka kicheko cha uchungu. Ni nani kati yetu ambaye hakuvishwa kibao shule ya msingi kwa kosa la kusema lugha ya mama yake, na wengine kwa kosa la kusema Kiswahili siku ya Kiingereza?

Basi mwaka 1893 watu wachache, akiwemo Douglas Hyde na Eoin MacNeill, walianzisha mjini Dublin chama cha kuiokoa lugha hiyo. Kiliitwa Conradh na Gaeilge. Kwa ufupi, kilikuwa chama cha lugha kama chetu. Matawi yalienea hata London, walikoishi Waayalandi wengi waliohamia kutafuta kazi. Waliokuwa wakiongoza tawi la London waligundua jambo ambalo kila katibu wa chama analijua: watu hawaji kwa ajili ya sarufi peke yake. Kwa hivyo tarehe 30 Oktoba 1897 waliandaa jioni ya muziki na densi katika Ukumbi wa Bloomsbury, London, wakaiita céilí. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa céilí ya kwanza ya aina tunayoijua leo. Kwa hivyo densi ya kijamii ya Waayalandi, kwa sura yake ya sasa, ilianzishwa na chama cha lugha, tena ugenini.

MATAWI MAWILI YA MTI MMOJA

Mtu akienda kwenye densi ya kila wiki atakutana na aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni densi za céilí zenyewe. Watu hupangwa kwa mistari inayotazamana, au kwa duara, au kwa makundi ya jozi mbili, tatu au nne. Hatua zake zimeandikwa. Kipo kitabu kiitwacho Ár Rincí Foirne chenye densi 30 za aina hii, na anayejifunza Dublin atacheza sawasawa na anayejifunza Boston. Miongoni mwake ni Kuta za Limerick, Mazingiwa ya Ennis na Mawimbi ya Tory.

Ya pili huitwa set. Hapa jozi nne husimama pande nne za mraba, na densi moja huwa na sehemu kadhaa, mara nyingi tatu hadi sita, zenye mapumziko mafupi katikati. Kila eneo lina set yake: Clare wana yao, Kerry wana yao, Connemara wana yao. Asili ya mraba huu si Ayalandi. Ulitoka Paris, Ufaransa, ukaenea Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya vita vya Napoleon. Walioutia mikononi mwa wanakijiji ni walimu wa densi, watu waliotembea kijiji hadi kijiji tangu karne ya 18. Mwalimu alikaa mahali wiki kadhaa, akafundisha jikoni au ghalani, akalipwa, akaondoka. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi asiyejua kulia wala kushoto alifungwa nyasi kavu mguu mmoja na mabua ya ngano mguu wa pili, kisha mwalimu akaita, "Nyasi! Mabua! Nyasi! Mabua!" Niliposikia hayo nilijua kuwa watu wa aina yangu hawakuanza leo.

Walimu hao waliuchukua mraba wa Wafaransa wakauvika muziki wa kwao na hatua za kwao. Baada ya miaka mia moja mtu wa Clare hakujua kabisa kuwa densi ya babu yake ilikuja kwa meli. Lakini viongozi wa chama cha lugha walijua, na mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wao walisema set ni za kigeni, ziachwe, zichezwe zile za "asili" pekee. Ajabu ni kwamba hata katika ile céilí ya kwanza ya London, densi za mraba za namna hiyo zilichezwa. Ama kweli, mtu anaweza kuifukuza shangazi yake mlangoni akidhani ni mgeni.

SHERIA YA 1935

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwingine. Mwaka 1925 maaskofu wa Ayalandi walitoa waraka uliosomwa makanisani ukionya juu ya hatari za kumbi za densi za usiku. Miaka kumi baadaye, 1935, serikali ilitunga sheria kwamba densi yoyote ya hadhara lazima iwe na kibali cha mahakama. Shabaha ilikuwa kumbi za biashara. Lakini mahali pengi sheria hiyo ilitumiwa na polisi na mapadri kuzima hata densi za jikoni na zile za njia panda, ambako vijana walikutana Jumapili jioni. Mwenye nyumba aliyezoea kuwakaribisha majirani aliogopa kushtakiwa. Densi ikahamia kwenye kumbi kubwa na bendi, na katika vijiji vingi set zikabaki katika miguu ya wazee tu.

Sista anasema alipoondoka kwao kuja Kenya, kijana wa rika lake hangependa kuonekana akicheza set. Ilikuwa mambo ya nyanya. Lakini kuna waliokuwa wakilinda moto usizimike. Mwaka 1951 ilianzishwa Comhaltas Ceoltóirí Éireann, jumuiya ya wanamuziki wa asili. Mwaka 1973 ilianza shule ya kila kiangazi huko Miltown Malbay, Clare, kwa kumkumbuka mpiga zumari Willie Clancy aliyefariki mwaka huo, na mwaka 1982 masomo ya set yakaongezwa. Walimu kama Connie Ryan, aliyefariki 1997, walizunguka nchi wakiwatafuta wazee, wakiandika hatua zao na kuzifundisha upya kila mahali. Sista alipokwenda likizo miaka ya themanini alikuta ukumbi wa kijiji chao umefurika. "Nilimkuta mama yangu," alisema, "akimfundisha mwalimu mkuu wa shule."

JIONI MOJA INAVYOKWENDA

Jioni ya densi ya kila wiki haina mambo makubwa. Unalipa kiingilio kidogo mlangoni. Huhitaji kuja na mwenzi. Utapewa, tena utabadilishiwa mara nyingi mpaka utajua jina la kila mtu. Viatu viwe na soli laini ya ngozi, kwa sababu soli ya raba hushika sakafu, nawe ukigeuka goti linabaki nyuma. Saa ya kwanza kwa kawaida ni ya mafunzo. Kisha chai na biskuti, na hiyo chai si ya kudharauliwa, maana ndiyo ile soga ya asili ya céilí. Baada ya chai huchezwa bila kusimamishwa. Anayeongoza huitwa mwenye nyumba, yaani fear an tí akiwa mwanamume, bean an tí akiwa mwanamke. Yeye hutangaza densi na kuita hatua kabla hazijafika.

Lakini anayeanza na aliyebobea huchezaje pamoja bila kukanyagana? Hili ndilo swali nililomwuliza Sista, na jibu lake ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Katika set, jozi nne hazilingani. Jozi iliyoupa muziki mgongo, na ile inayoitazama, huitwa jozi za juu. Zile mbili za pembeni huitwa jozi za ubavuni. Katika sehemu nyingi za densi jozi za juu hucheza kwanza, halafu za ubavuni hurudia yale yale. Basi waliobobea husimama juu na wanaoanza husimama ubavuni. Anayeanza hupata nafasi ya kuona kila kitu kikichezwa mbele ya macho yake, hatua mbili kutoka alipo, kabla zamu yake haijafika. Isitoshe, katika jozi ya ubavuni mgeni hupewa mwenzi anayejua. Kwa hivyo anatazama, ndiyo, lakini anatazama akiwa ndani ya uwanja. Si kando.

Niliposikia hivyo nilikumbuka mwaka wangu mzima kwenye benchi. Kumbe kutazama kwangu hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa mahali nilipowekwa nitazame.

HATUA NA HESABU

Muziki hupigwa kwa fidla, kodiani, filimbi ya mbao au ya bati, kinanda kidogo cha mkononi kiitwacho konsatina, na zumari ya mfuko inayojazwa upepo kwa kiwiko. Ngoma yao, bodhrán, ni ya ngozi ya mbuzi iliyowambwa upande mmoja wa fremu ya duara, binamu wa tari letu. Zipo bendi za miaka mingi, kama ile ya Kilfenora iliyosherehekea miaka mia moja mwaka 2009, na ile ya Tulla iliyoanza 1946.

Midundo mikuu ni mitatu, na Sista alitufundisha kwa vyakula. Rili huhesabiwa nne nne: ndi-zi-mbi-vu, ndi-zi-mbi-vu. Jigi huhesabiwa tatu tatu: ka-ra-nga, ka-ra-nga, ukikaza sauti mwanzoni. Polka ni mbili mbili tu: u-ji, u-ji. Tulipiga makofi ya midundo hiyo mpaka mpishi akachungulia dirishani kuuliza kama tuna njaa.

Hatua za kuanzia ni mbili. Ya kwanza ni "tatu": moja-mbili-tatu, mguu wa kulia ukianza, kisha moja-mbili-tatu kwa kushoto. Ya pili ni "saba", ya kwenda upande: unahesabu moja hadi saba ukiteleza kando, mguu mmoja ukipita nyuma ya mwenzake, kisha unamalizia na "tatu" mbili pale pale. Mwenye hatua hizi mbili tayari anaweza kucheza Kuta za Limerick. Hii hapa.

Jozi mbili zinatazamana, mwanamke kuliani kwa mwenzi wake. Kwanza, jozi zote zinasonga mbele na kurudi nyuma, mara mbili. Pili, wanawake wawili wanabadilishana nafasi kwa "saba" na "tatu" mbili, kisha wanaume nao hivyo hivyo. Tatu, kila mmoja anamshika mkono wa kulia yule anayemkabili, wanakwenda kando pamoja na kurudi. Nne, kila mtu anamshika mwenzi wake wa awali, jozi mbili zinazungukana, na kila jozi inaishia ikiwa imeipa mgongo ile iliyocheza nayo na kutazama jozi mpya. Hapo densi inaanza tena.

Kila mojawapo ya sehemu hizo nne huchukua vipimo 8 vya muziki, jumla 32, sawasawa na urefu wa wimbo mmoja. Wana Kiswahili, hilo halitukumbushi kitu? Ni ubeti wa tarbia! Mishororo minne, na kila kipande mizani 8. Kama vile sikio lako linavyojua kina kinakuja kabla hujakisoma, ndivyo miguu inavyojua zamu inageuka. Mwenzangu mmoja aliyekuwa hodari wa kughani mashairi alizishika hatua kabla ya wanariadha wote.

Kuzungushana nako kuna siri yake. Miguu ya kulia ya wawili hukaribiana katikati, ya kushoto husukuma kama mtoto anayesukuma skuta. Simama wima, na mtazame mwenzio usoni. Ukitazama ukuta utapata kisunzi.

YALIYONIPATA

Kwa kuwa shule yetu ni ya wasichana, nusu yetu tulifunga sweta kiunoni tukawa wanaume. Nilifungiwa sweta. Muziki ulipoanza nilikwenda kushoto, dunia nzima ikaenda kulia, nikamgonga mwalimu wa Hisabati kifuani. Nikafunika uso. Nilingoja kuambiwa nikae kando.

"Endelea, mwanangu!" Sista akaita bila kusimamisha muziki. "Ukikosea usimkimbilie aliyekupita. Nenda tu mahali unapopaswa kuwa, simama hapo. Muziki utakufikia."

Nikaenda. Muziki ukanifikia. Jozi iliyonishuhudia nikiaibika ilikuwa imeshapita, na mbele yangu walikuwa wawili wapya ambao hawakujua lolote. Hilo ndilo nililolipenda zaidi katika Kuta za Limerick: kila baada ya vipimo 32 unasamehewa. Mara ya tisa niligundua kwamba sikuwa nikihesabu tena.

SASA SISI JE?

Sina haja ya kuficha. Mwezi wa Januari chama chetu kilikuwa na wanachama sitini na wanne. Leo ninapoandika tunafika kumi na mmoja, tena watatu kati yetu ni maafisa. Tuna mijadala, tuna imla, tuna ushairi, na bado wenzetu wanasema, "Kiswahili ni cha wale wanajua." Neno hilo ndilo lile nililoambiwa kwenye ngoma. Tumepanga benchi kando ya uwanja, tukawakalisha hapo, kisha tunashangaa wameondoka.

Baada ya Sista kuondoka nilipendekeza tuwe na ngoma kila Ijumaa. Mwanachama mmoja akaruka juu: "Ati tucheze ya Wazungu? Mwacha mila ni mtumwa!" Sikumlaumu. Hoja yake ina uzito, na nimeifikiria sana.

Kwanza, simwambii mtu ageuke Mwayalandi. Ninachotaka tukope si hatua zao bali utaratibu wao: kila wiki, bila majaji, bila benchi, anayejua ubavuni mwa asiyejua. Pili, tujihadhari na yale yaliyowapata wale viongozi waliofukuza set kwa kuwa zilitoka Ufaransa. Sisi tunaosema "meza" ya Wareno, "shule" ya Wajerumani na "kitabu" cha Waarabu, tena kwa fahari, hatuwezi kuogopa kitu kwa kuwa kilivuka bahari. Tazameni mwomboko wa Wagikuyu. Huchezwa wawili wawili kwa kodiani, chombo cha Ulaya, na mlio wa karing'aring'a, na hatua zake zilichota kutoka kwa densi za Wazungu za wakati wa ukoloni. Leo nani atasema mwomboko si wetu?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, mila haiachwi kwa kucheza ya jirani. Huachwa kwa kutocheza kabisa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ngoma inayovuma hivyo arusini na matangani, nayo iko hatarini! Bibi yangu aliijua. Alifariki mwaka juzi, nami sikumwuliza hata hatua moja, kwa sababu nilikuwa nimeshaamini kuwa mimi ni mtazamaji. Waayalandi walipozinduka waliwakuta wazee wao bado wako hai, wakawauliza. Sisi tunao wetu bado, lakini hawatatungoja.

Kwa hivyo, kwa heshima na taadhima, namwomba Mwalimu Mkuu na walimu wetu watupatie dakika arobaini kila Ijumaa baada ya michezo. Meza tutazisogeza wenyewe na tutazirudisha. Ijumaa ya kwanza tutacheza Kuta za Limerick, kwa kuwa tunazijua tayari. Ya pili yeyote aliye na isukuti, mwomboko, chakacha au ngoma nyingine ya kwao atufundishe, naye ataieleza kwa Kiswahili. Ikiwezekana, siku ya wazazi tumwalike nyanya wa mtu. Hatutashindania kikombe chochote. Kikundi cha mashindano kiendelee na kazi yake njema; chetu kitakuwa cha wale waliobaki.

Wenzangu, msije na sababu. Miguu ya mbao inakaribishwa. Nitakuwa pale kwenye jozi ya ubavuni, sweta kiunoni, na aliye mgeni kuliko mimi asimame karibu nami.

Mwanachama, Kidato cha Tatu